Baba Bado Anatengeneza Pikapu Yake Mwenyewe

Wengi wetu tulio ughaibuni tuna mzee nyumbani mwenye kitu kikuukuu asichotaka kuachana nacho. Kwetu ni pikapu, Toyota Hilux ya mwaka 1986, ambayo Baba amekuwa akiitengeneza mwenyewe pale Tanga tangu nikiwa shule ya msingi. Injini haimpi shida. Anafungua boneti, anasimama, anafanya kazi. Shida ni chini ya dashibodi. Hewa ya chumvi ya pwani inakula viungio vya waya, basi leo taa za nyuma zinakataa, kesho waipa zinasimama, keshokutwa fyuzi inaungua. Kila mara inabidi aingize kichwa pale penye pedeli, alale chali na kutazama juu.

Baba ana miaka 68. Mama ndiye aliyeniambia kwenye simu, tena kwa sauti ya chini: Baba alishikwa na kizunguzungu akiwa humo, akabaki amelala ameshikilia pedeli ya klachi mpaka dunia ilipoacha kuzunguka. Kwenye kundi letu la familia la WhatsApp kaka akaandika kwamba pikapu iuzwe. Dada akamuunga mkono. Niliielewa hofu yao. Lakini nazi za shamba hubebwa na pikapu hiyo, na jirani gari likimgomea usiku humgongea Baba mlango. Mzee ukimnyang'anya kazi anayoijua, unamwondolea hatari pamoja na sababu ya kuamka asubuhi. Nikawaomba wasubiri likizo yangu.

Mimi ni muuguzi hapa Uingereza. Huku kuna kanuni za mwaka 1992 kuhusu kunyanyua na kusogeza mizigo kazini, na mpangilio wake ni rahisi: kwanza iepuke kazi ya hatari kadiri inavyowezekana, isipoepukika, ipime, kisha punguza hatari yake. Ndiyo maana vitanda vya wodini hupanda na kushuka. Muuguzi hainami nusu saa nzima akifunga kidonda, anakipandisha kitanda mpaka usawa wa kiuno.

Nilipofika Tanga, jambo la kwanza lilikuwa kumpeleka Baba hospitali, kwa sababu kizunguzungu cha mzee hakitibiwi kwa kubahatisha. Tuliambiwa ni chembe ndogo zilizomo ndani ya sikio. Zikihama mahali pake, mtu akilaza kichwa nyuma huona vitu vinazunguka. Alifanyiwa zoezi la kugeuzwa kichwa kwa hatua, akapata nafuu. Isitoshe, Baba anameza dawa za shinikizo la damu, na anayezimeza akiinuka ghafla baada ya kulala anaweza kuona giza.

Kisha nikamwomba anionyeshe anavyofanya kazi. Nilikaa kwenye kigoda, nikatazama. Kizingiti cha mlango kilimbana mgongoni. Miguu ilining'inia nje. Shingo ilikuwa imekunjwa, simu yenye tochi iko mdomoni, miwani inateleza. Nilipofungua kinywa tu, akanikatiza: "Mwanangu, unataka kunifanya mgonjwa?"

"Hapana, Baba. Kitanda cha wodini tunakipandisha kwa ajili ya mgongo wa muuguzi. Hapa muuguzi ni wewe, mgonjwa ni gari."

Akacheka. "Haya, muuguzi mwenzangu. Tuanze wapi?"

Tulianza na kuepuka. Kazi nyingi tunazozifanyia chini ya dashibodi zinaweza kufanywa kwa mbele. Balbu za mita na baadhi ya swichi hutoka ukifungua skrubu za fremu na kuivuta taratibu. Kisanduku cha fyuzi nacho kimeshikwa kwa skrubu. Zikifunguliwa, waya zinakiruhusu kushuka kidogo, na mtu anakikagua akiwa amekaa pembeni badala ya kulala chini yake.

Kwa kazi isiyoepukika, dawa kubwa ilikuwa kuitoa siti. Siti ya pikapu yetu ni moja ndefu, imefungwa kwa bolti, na spana namba 14 inazifungua. Baba alikuwa akiona ni kupoteza muda. Tulipoitoa, alijikuta ana sakafu ya kutosha kukaa, kujilaza ubavu na kugeuka. Tuliweka kipande cha godoro la sponji, na mto chini ya kichwa ili shingo isibebe uzito peke yake. Nje ya mlango tukaweka kreti na ubao ulio usawa mmoja na kizingiti, miguu ipate pa kulala. Ubao huo aliupima na kuukata yeye mwenyewe, akaupiga na msasa.

Macho yalihitaji mpango wake. Baada ya miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa, na vya karibu havionekani vizuri. Baba anavaa miwani ya sehemu mbili, ya kusomea ikiwa chini. Ukilala chali unatazama waya kwa sehemu ya juu, ambayo ni ya mbali! Ndiyo maana alikuwa akiibinua shingo kupita kiasi. Alitengenezewa miwani ya kusomea mtupu, na juu yake anavaa miwani ya plastiki ya kuzuia vumbi na kutu. Nilimpelekea pia taa ya kuvaa kichwani. Simu imetoka mdomoni.

Mengine ni mazoea. Anafanya kazi asubuhi kabla jua halijaichemsha kabini. Gari linavutwa breki ya mkono na kuwekewa mawe kwenye magurudumu. Waya hasi wa betri unafunguliwa kwanza, kwa spana namba 10. Kila waya kabla ya kuchomolewa hupigwa picha na kufungwa tepu yenye namba, ili asitegemee kumbukumbu akiwa amechoka. Fyuzi ya ampia 15 inarudishiwa ya ampia 15. Kuweka waya mtupu mahali pa fyuzi ni kuukaribisha moto. Kila baada ya dakika 20 anatoka, kwa sababu mikono iliyoinuliwa juu huuchosha moyo upesi. Kabla ya kusimama anakaa kwanza kwa dakika moja au mbili. Wenye kisukari waliopoteza hisia vidoleni wavae glavu, kwani wanaweza kukatwa na bati wasijue. Na maumivu ya kifua, au mkono kulegea ghafla, si uchovu wa kazi: ni safari ya hospitali saa ile ile.

Siti haitolewi na mtu mmoja, na jambo hili lilileta faida ambayo sikuipangia. Mjukuu wake wa miaka 15, mtoto wa kaka yule yule aliyetaka pikapu iuzwe, ndiye anayeishika upande wa pili. Akishaitoa haondoki. Anashika testa, anasoma namba za waya, anaingia mwenyewe pale penye pembe finyu ambayo bega la babu yake halipiti tena. Mwezi uliopita kaka alituma picha kwenye kundi: miguu minne inatokeza mlangoni, miwili ina viatu vya shule. Hakuandika neno, na habari ya kuuza haijarudi.

Ndugu msomaji, huenda kwenu si pikapu. Ni cherehani ya mama, shamba la mjomba, au mashua ya babu. Ukienda likizo, kabla hujasema "acha, umezeeka," tafuta kigoda ukae umtazame akifanya. Angalia mgongo unabanwa wapi, macho yanakwama wapi, nini kinaweza kusogezwa kimfuate alipo. Ikiwa hatari imebaki kubwa hata baada ya hapo, mwambieni ukweli kwa heshima. Kwetu ilibaki kazi ya spana mbili, ubao mmoja na miwani.