Siku ya mwisho: Nyamasheke mpaka Nguba kwa kinga

Wengi mmetuuliza habari za safari. Siku nne za kwanza tutazipitia haraka: boti ilitushusha Goma, tukavuka kwenda Gisenyi, na kutoka hapo tukaifuata ile njia iitwayo Congo Nile, kilomita 227 kando ya ziwa Kivu upande wa Rwanda hadi Kamembe. Miili iliuma, tulilala, tukaamka. Siku ya 5 ndiyo yenye maneno.

Tulitoka Nyamasheke saa kumi na mbili asubuhi, wanawake saba, ukungu bado umelala juu ya maji na Idjwi haionekani. Ilikuwa lazima tufike daraja la Ruzizi kabla mpaka haujafungwa, kwa sababu pesa ya kulala usiku mwingine haikuwepo. Na barabara ile haijui tambarare. Unapanda hadi pumzi ikate, unashuka kidogo, kona, unapanda tena. Watoto wanakimbia kando wakipiga kelele "Mukomere!", na kweli tulijikaza.

Mmoja wetu ni mbeba mizigo, mnamjua. Miaka zaidi ya 20 anapandisha magunia kutoka Beach Muhanzi, kamba kwenye paji la uso. Kila kilima alifika juu wa kwanza, hakushuka kwenye kinga hata mara moja, akatungoja akitafuna muhindi wa kuchoma. Lakini kwenye miteremko alishuka na kutembea. Kwake kuteremka ndiyo hatari: gunia linakusukuma mgongoni, na anayeteleza nalo haamki kama alivyokuwa. Miguu yake imejifunza hivyo, haikusikia habari za breki. Basi kila mteremko ulitula muda, na jua lilikuwa linapanda.

Buhinga tulisimama kunywa chai. Hapo barabara nyingine inapanda kwenda msitu wa Nyungwe, ambao UNESCO iliuandika katika urithi wa dunia mwaka 2023. Juu kule ndiko maji yanakoachana. Mvua ya upande wa mashariki inakwenda Nile. Ya upande wetu inateremka Kivu, inatoka kwa Ruzizi, inapita Tanganyika, na mwisho inaingia mto Congo hadi baharini. Vijito vyote tulivyovuka asubuhi ile vilikuwa vinaelekea Bukavu kama sisi, na kupitia bwawa letu la umeme (umeme unapokuwepo).

Baada ya chai mweka hazina wetu alitangulia mbele ya yule mama, polepole, akiita kila kona: "Bana! Achia! Bana!" Wawili walikaa nyuma yake. Mteremko wa kwanza alitembea nusu. Wa pili aliuteremka wote, macho yamemtoka, akimwita Mungu kwa Mashi. Kufika wa nne, mweka hazina ndiye aliyekuwa akiomba asubiriwe.

Kamembe tulipita alasiri bila kusimama. Darajani tulisukuma kinga katikati ya wamama wenye mabeseni wanaorudi na biashara, jetoni mkononi kama wao. Wabebaji wenzake walimtambua, wakamzunguka, wakapapasa tandiko, wakauliza mzigo uko wapi. Nguba tulifika kabla giza halijaingia.

Sasa jambo la chama. Kuna waliosema mkutanoni kwamba pesa ya likelemba si ya matembezi. Siku tano bila kubeba ni siku tano bila unga nyumbani, na chama ndicho kilichonunua unga wa watoto wake. Sisi saba tunaona pesa hiyo ilitumika vizuri, na tunaomba wabebaji wengine wawili waende safari ijayo kwa mpango huohuo. Wasiokubali waje waseme. Hesabu yote, pamoja na mnyororo mmoja uliokatika na viraka vitatu, itasomwa Jumamosi kabla ya kura.