Ufunguo wa Pikipiki

Msomaji atashangaa nikimwambia kuwa mzee wa miaka sabini, mwenye magoti mabovu, alipanda pikipiki kwenda milima ya Himalaya. Hata mimi nilishangaa. Kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya siku ile sikuwa nimekaa juu ya pikipiki hata mara moja. Kwetu nilikuwa radhi kutembea kilomita nne juani kuliko kumpungia mkono kijana wa bodaboda. Watu walidhani ni ubahili wa mwalimu mstaafu, nami sikuwasahihisha.

Ilikuwa Oktoba 2018. Kitinda mimba wangu alikuwa akisomea uhandisi mjini Roorkee, kaskazini mwa India, nami nilikwenda kumjulia hali. Akaniambia, "Baba, mto Ganga umeuchora ubaoni maisha yako yote. Twende ukauone." Nilikubali nikidhani ni safari ya basi. Tulipofika Rishikesh, mahali mto huo unapotoka milimani, nikamwona anakuja na Royal Enfield nyeusi aliyoikodi, na kofia ngumu mbili. Nilitaka kukataa. Sikupata neno la kukatalia ambalo lisingezaa swali, kwa hiyo nikapanda.

Barabara hufuata mto kilomita 70 hivi mpaka Devprayag. Mkono mmoja ni mwamba, mkono wa pili ni genge, na chini kabisa ni maji. Wakati ule barabara ilikuwa ikipanuliwa; kila baada ya kona chache tulikuta buldoza, vumbi na mawe yaliyoporomoka. Kuna vibao vya kuwaonya madereva kwa mzaha, lakini mimi sikucheka. Nilimkumbatia mwanangu kiunoni nikawa nahesabu kona. Zilipofika mia mbili nikaacha.

Devprayag ni mji mdogo uliong'ang'ania mlimani, na juu yake lipo hekalu la Raghunath, ambamo Rama huabudiwa. Chini yake hukutana mito miwili, Bhagirathi na Alaknanda, na ni hapo tu ndipo jina Ganga linapoanzia. Miaka mingi niliwafundisha watoto kuwa Ganga huanza kwenye barafu ya Gangotri, na aliyeandika vingine alikuta alama ya kosa. Kumbe jambo lenyewe lina pande mbili: mapokeo ya dini huutaja Bhagirathi kuwa chanzo, na wenye vipimo husema Alaknanda ndio mrefu zaidi na wenye maji mengi. Basi yako madaftari ambayo ningependa kuyasahihisha upya. Wenyeji humwita Bhagirathi mama mkwe, kwa makelele yake, na Alaknanda mkazamwana, kwa utaratibu wake. Siku ile mmoja ulikuwa wa kijani na mwingine wa kijivu, na mstari kati yao ulionekana wazi kabla haujapotea.

Ngazi za mawe huteremka mpaka majini, na minyororo imefungwa pale ili wanaooga wasichukuliwe. Mzee wa rika langu alikuwa akizama na kuibuka, mkono mmoja haubanduki kwenye mnyororo. Nilimtazama kwa muda. Kisha nikamwambia mwanangu nililokuwa sijamwambia mtu.

Desemba 1997, wakati wa mvua za El Nino, nilikuwa mkuu wa shule, na mdogo wangu aliishi kwangu. Ripoti ya mwaka ilitakiwa wilayani. Ingeweza kungoja wiki nzima, lakini mimi nilikuwa mtu wa tarehe. Akasema, "Kaka, mto umejaa." Nikamjibu kuwa mto ule tunaujua tangu utotoni, na kiangazi hata mtoto huuvuka bila kulowa magoti. Nikamkabidhi ufunguo wa pikipiki ya shule. Pikipiki ilionekana siku ya pili, yeye siku ya nne. Miezi miwili baadaye mwanangu huyu alizaliwa, nikampa jina lake. Alikua akijua kwamba somo wake alikufa maji. Habari za ripoti na ufunguo nilizificha.

Alinyamaza, akiyatazama maji. Kisha akasema, "Mama anajua, Baba. Aliniambia nisikuulize."

Hatukuongea tena mpaka tulipopita Srinagar (si ile ya Kashmir) na kufika kwa Dhari Devi. Hekalu hili limesimama juu ya nguzo katikati ya Alaknanda. Sanamu ya mungu huyo wa kike ilikuwa kwenye mwamba chini, ikapandishwa jioni ya Juni 16, 2013, kupisha maji ya bwawa la umeme. Usiku ule na asubuhi yake yakaja mafuriko yaliyoua au kupoteza watu zaidi ya 5,000 katika mabonde yale. Mwenye kibanda cha chai alituambia mama alikasirika. Mimi nimefundisha jiografia. Najua habari za mvua kubwa, na za ziwa la Chorabari lililopasuka juu ya Kedarnath Juni 17. Sikubishana naye. Mtu aliyefiwa hutafuta nani alitoa ufunguo, na mimi namfahamu mmoja aliyetoa. Nilivua viatu, nikapita chini ya kengele nyingi zilizotundikwa, nikasimama kimya. Dini ile si yangu, lakini hakuna aliyeniuliza.

Rudraprayag tulipita upesi. Ndiko Jim Corbett alikomuua chui mla watu mwaka 1926. Bwana huyo baadaye alihamia Kenya, na kaburi lake liko Nyeri.

Tuliacha lami Sonprayag, ambapo pikipiki hairuhusiwi kuendelea. Kutoka Gaurikund, mbele kidogo, ni kilomita 16 za kupanda kwa miguu hadi hekalu la Kedarnath, mita 3,583 juu ya bahari. Magoti yangu yalikataa. Mwanangu aliondoka alfajiri peke yake. "Baba, kaa na ufunguo," akasema.

Nilikaa nao siku mbili. Usiku ule sikulala. Mandakini unanguruma pale kama lori lisilopita. Niliishika ile chuma mfukoni mpaka ikapata joto la mwili. Asubuhi niliifuta pikipiki vumbi, nikaifuta tena.

Alasiri nilimwona akiteremka, viatu vimejaa tope, akasimulia jiwe kubwa nyuma ya hekalu lililoyagawa maji mwaka ule, hekalu likabaki limesimama. Nilimsikiliza nikimtazama miguu. Kisha nikampa ufunguo. Akaniuliza kama nimekula.