Hita ya Basi la Watoto na Maji ya Mtaroni



Ndugu wazazi na wanafunzi, wengi wenu mmetuuliza imekuwaje basi dogo la madrasa, lililokuwa likiwaleta watoto wakitetemeka, sasa lina joto, na kama kweli tulinunua hita mpya. Hatukununua. Tumeona ni vyema tuandike jinsi mambo yalivyokuwa, kwa sababu magari mengi huku milimani yana ugonjwa huo huo, na mara nyingi mwenye gari huuziwa kifaa kipya huku ugonjwa wenyewe ukibaki pale pale.

Kwa wanaotusoma kutoka mbali, sisi tupo Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Rwanda. Mji huu uko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na alfajiri joto hushuka hadi nyuzi 10 hivi. Ndugu zetu wa Mombasa na Dar es Salaam watacheka wakisikia tunahangaikia hita ya gari. Wacheke tu, lakini waje wapande basi letu baada ya Swala ya Alfajiri, ukungu ukiwa umejaa bondeni.

Tena baridi yenyewe si jambo kubwa, kwani watoto huvaa masweta. Jambo kubwa ni kioo cha mbele. Watoto 14 wakipumua ndani ya gari lililofungwa madirisha, mvuke wa pumzi zao huganda kwenye kioo baridi, na dereva haoni kitu. Dawa yake ni hewa ya moto inayopulizwa kwenye kioo kutoka kwenye hita. Hita yetu ilikuwa ikipuliza hewa ya vuguvugu tu, siku nyingine baridi kabisa. Basi dereva akawa anashika usukani kwa mkono mmoja na kufuta kioo kwa kitambaa kwa mkono wa pili, kwenye barabara yenye kona na bonde ubavuni. Mama mmoja alitufuata akatuambia wazi: "Ustadhi, wangu atakuja Jumamosi tu, jua likishatoka." Hatukuwa na jibu la kumpa. Baada yake wakaja wengine wawili.

Fundi wa kwanza alisema ile rejeta ndogo ya hita imekufa, dashibodi yote ing'olewe, iwekwe nyingine. Gharama aliyoitaja ilizidi michango ya wazazi ya mwezi mzima. Fundi wa pili alituuliza tunataka hita ya nini, tufungue madirisha kidogo, ukungu utatoka. Wa tatu, mzee wa makamo asiye na maneno mengi, hakusema lolote mpaka injini ilipokuwa imezunguka muda wa kutosha. Ndipo akaizima, akashika mipira miwili ya hita mmoja mmoja.

Hapa inafaa tueleze kidogo. Hita ya gari haina moto wake. Maji yanayopoza injini, yakiwa yamepata joto, hupitishwa kwa mpira mmoja hadi kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, kisha hurudi kwenye injini kwa mpira wa pili. Feni hupuliza hewa kupitia rejeta hiyo, nayo hutoka ikiwa ya moto. Kwa hiyo mipira yote miwili ikiwa ya moto na bado hewa ni baridi, kosa liko kwenye feni au vile vifuniko vya kuelekeza hewa. Mpira wa kuingiza ukiwa wa moto na wa kutoa ukiwa baridi, maji hayapiti, yaani njia imeziba. Yote miwili ikiwa vuguvugu, basi maji ni machache, au injini yenyewe haipati joto. Kipimo hiki hakigharimu shilingi moja. (Anayetaka kukijaribu azime injini kwanza, na kanzu yenye mikono mipana isikaribie mkanda wa feni.)

Kwetu, mpira wa kuingiza ulikuwa na joto la wastani na wa kutoa ulikuwa baridi. Mzee akasema hapa pana magonjwa mawili.

La kwanza lilikuwa maji. Hii ni Hiace kuukuu ya dizeli, injini iko chini ya viti vya mbele, na kabla ya kuja kwetu ilibeba abiria kwa miaka mingi. Madereva wa abiria wakiona maji yamepungua huteremka na dumu, wakachota mtaroni au kwenye kijito kilicho karibu, wakajaza. Maji hayo yana udongo na chumvi zake, na hayana dawa ya kuzuia kutu. Rejeta ikivuja hutiwa unga wa kuziba matundu, na unga huo hauchagui, huziba tundu la kuvujia na huziba pia vijia vyembamba vya hita. Mzee alipofungua bomba la chini la rejeta, injini ikiwa imepoa kabisa, yalitoka maji ya rangi ya chai ya maziwa.

La pili lilikuwa themostati. Hiki ni kidude kidogo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka injini ipate joto lake. Kwetu hakikuwepo. Kuna fundi wa zamani aliyekitoa, na hili ni jambo la kawaida katika nchi zetu. Husemwa kwamba nchi ni ya joto, themostati ni ya Wazungu. Sisi hatukubaliani na kauli hiyo hata kwa magari ya pwani, kwani injini isiyopata joto lake hula mafuta zaidi na huchakaa upesi. Kwa gari la Kabale, tena la dizeli ambayo ni nzito kupata moto, ni kama kuchemsha chai huku umeacha bomba la maji baridi wazi juu ya sufuria.

Tulinunua themostati yenye namba 82 juu yake, yaani ifunguke kwenye nyuzi 82. Kabla ya kuifunga, mzee akataka ipimwe. Tukaitumbukiza katika sufuria kuukuu isiyotumika kwa chakula, tukaweka kipimajoto, na wanafunzi wakubwa wakazunguka jiko. Ilianza kufunguka ilipopita 80 kidogo. Lakini kilichowashangaza vijana ni kwamba maji yalichemka kipimajoto kikiwa kwenye 94. "Maalim, si tulifundishwa 100?" Mmoja alidhani kipimajoto kimeharibika. Basi siku hiyo somo likawa la fizikia: huku juu kani ya hewa ni ndogo, kwa hiyo maji huchemka mapema. Ndiyo maana pia kifuniko cha rejeta ni kitu cha maana sana mlimani. Kikiwa kizima hushikilia kani, na maji ndani hayachemki hadi yazidi nyuzi 110. Kikilegea, yatachemka mapema kabisa kwenye mpando. Na kani hiyo hiyo ndiyo humuunguza uso anayekifungua injini ikiwa ya moto. Tunawaomba vijana walishike hili kuliko yote tuliyoandika.

Kazi ya kuosha ilichukua asubuhi moja. Mipira miwili ya hita ilivuliwa upande wa injini, kisha maji ya bomba yakaingizwa polepole kwa kupitia mpira wa kutoa, yaani kinyume na njia yake ya kila siku, ili uchafu urudi ulikotoka. Polepole, kwa sababu maji yenye nguvu yanaweza kupasua ile rejeta ndogo, na hapo kweli dashibodi itang'olewa. Mwanzo yalidondoka matone tu. Mzee akageuza upande, akarudi tena, na mara ya nne au ya tano kikatoka kibonge cha matope mekundu, kisha maji yakabubujika. Akaendelea mpaka yakawa meupe, akaosha na rejeta kubwa na injini.

Maji ya kwanza kutoka tuliyakinga kwa beseni. Kulanti, ile dawa ya rangi ya kwenye rejeta, nyingi huwa na ethilini glaikoli, ambayo ni sumu, na ubaya wake ni kwamba ni tamu. Mbwa au mtoto akiyakuta yametuama atayalamba. Tuliyatia katika madumu yenye vifuniko na karakana moja inayokusanya taka za magari ikayapokea. Tafadhali msiyamwage mtaroni, kuna jirani anayechota kule chini.

Kujaza tulitumia kulanti na maji safi nusu kwa nusu, maji yale yaliyokenekwa ambayo huuzwa kwa kuongezea betri (si asidi!). Gari liliegeshwa pua ikitazama juu mlimani, hita ikafunguliwa mwisho, injini ikawashwa kifuniko kikiwa wazi toka ingali baridi, mpaka mapovu ya hewa yakaisha. Hewa ikibaki ndani, hita hubaki baridi hata kama njia ni safi.

Alhamdulillah, tangu hapo kioo husafika ndani ya dakika chache tangu gari lianze mwendo. Dereva ameonywa pia asifunge njia ya hewa ya nje, maana hewa ya ndani ikizungushwa peke yake hurudisha mvuke ule ule. Chini ya kiti chake kuna dumu la maji safi lenye kulanti, na mtaro hatuugusi tena. Yule mama amemrudisha mwanawe siku zote, ingawa wiki ya kwanza alipanda naye mwenyewe, akakaa mbele.

Iliyobaki ni hita ya pili, ya nyuma, chini ya viti vya watoto. Mipira yake ni mirefu, hupita chini ya gari, na bado joto lake ni dogo. Mzee ameahidi kuifungua wakati wa likizo, inshaAllah. Kwa sasa wadogo wanakaa mbele na wakubwa nyuma.

Wabillahi tawfiq.