Mke na Mume Kwenda Baharini: Songea hadi Mtwara, Zamani na Sasa

Safari ya mke na mume wa Songea kwenda kutembea pwani, pasipo msiba wala mgonjwa wa kupeleka hospitali, ni jambo la miaka ya karibuni. Bahari yenyewe haikuwa ngeni. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipita Ungoni, nchi ya Wangoni wa Songea, kwenda Kilwa, na wakati wa Waingereza vijana wa Songea walikwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga, Morogoro na Lindi. Kuanzia mwaka 1944 chama cha wenye mashamba kilikuwa na idara yake ya kuandikisha vibarua, SILABU, na Songea ilikuwa moja ya wilaya zilizotoa watu wengi. Uhamaji huo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mtaalamu wa jamii P. H. Gulliver aliuandikia kitabu kizima kuhusu Wangoni na Wandendeule, kilichochapishwa mwaka 1955.

Waliokwenda walikuwa wanaume zaidi. Mke alibaki na shamba, watoto na wakwe, akingoja barua au fedha, na wapo waliongoja hadi wakazeeka. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za Songea, pwani ilikuwa mahali baba alikokwenda bila mama. Barabara ya lami imefupisha safari, lakini badiliko kubwa kuliko hilo ni kwamba sasa mama naye amepata kiti.

Baada ya uhuru walioanza kusafiri wawili walikuwa watumishi wa serikali: walimu, wauguzi, makarani. Mtumishi alipopata likizo ya kwenda kwao alilipiwa nauli pamoja na mwenzi wake na watoto. Mwalimu wa Mikindani, pwani ya Mtwara, aliyepangiwa kazi Songea na kuoa huko alimpeleka mkewe ukweni, na huko ndiko mwanamke huyo alikoyaona maji ya chumvi kwa mara ya kwanza. Hata hivyo ilikuwa safari ya kusalimia wazee, na mgeni wa kike alitumia siku nyingi jikoni kuliko ufukweni.

Njia ilikuwa ngumu mno. Kutoka Songea hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 600, kupitia Namtumbo, Tunduru na Masasi, na sehemu kubwa ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope zito wakati wa masika. Watu walipanda malori na Landrover zilizojaa kupita kiasi, wakalala Tunduru, kesho yake wakaanza tena kutafuta gari. Katika miaka ya 1980 simba wala watu waliitia Tunduru hofu kubwa, na kuharibikiwa na gari porini halikuwa jambo la mzaha. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alifikiri mara mbili. Ndiyo maana, barabara ya Makambako hadi Songea ilipotiwa lami katika miaka hiyo hiyo, wengi waliona heri kuzunguka: kwenda kaskazini hadi Makambako, kushuka Dar es Salaam, kisha kupanda meli au basi la kusini. Mwendo huo ni karibu kilomita 1,500, na kwa basi kulikuwa na kivuko cha Rufiji pale Ndundu hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003.

Njia ya moja kwa moja ilijengwa kipande kwa kipande. Songea hadi Namtumbo ilipata fedha za Wamarekani kupitia mpango wa Changamoto za Milenia. Namtumbo hadi Tunduru, kilomita 193, ilizinduliwa na Rais Magufuli Aprili 2019. Leo anayeondoka Songea alfajiri huoga Mtwara jioni ya siku ile ile, ingawa njiani atayapita malori mengi ya makaa ya mawe yanayotoka mgodi wa Ngaka kwenda bandarini.

Wengi hulala Mtwara mjini, mji uliopangwa upya na Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mpango wao wa kulima karanga. Mpango ulikufa mapema, reli ya Nachingwea ikang'olewa, bandari ya kina kirefu ikabaki. Wageni huenda Shangani kuoga, feri kununua samaki, na kuvuka hadi Msangamkuu. Ming'oko, viazi vya porini, huwashangaza watu waliozoea viazi vya nyanda za juu.

Lakini Mikindani ndiyo inayostahili siku nzima. Ghuba yake ni ya mviringo, nyumba za mawe ya matumbawe zina milango ya nakshi, na Boma la Wajerumani la mwaka 1895, lililokarabatiwa na kufanywa hoteli, linatazama bahari kutoka juu. Jengo linalojulikana kama soko la zamani la watumwa lipo bado, na mtu wa Songea hana budi kusimama hapo kwa heshima, akikumbuka misafara iliyopita kwao. Mwaka 1866 David Livingstone alianzia Mikindani safari yake ya mwisho, akafuata Mto Ruvuma kuelekea bara.

Mto huo chanzo chake ni milima ya Matogoro, inayoonekana kutoka Songea mjini. Mwisho wake ni kusini mwa Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Wawili wanaofika huko wamefuata maji ya nyumbani kwao hadi yanapoingia baharini, na hakuna kivutio kingine cha kusini kinachomgusa mtu wa Songea kwa namna hiyo.

Wakati wa kusafiri hupangwa na mavuno. Juni na Julai Songea ni baridi, mahindi yanavunwa, na fedha hupatikana kuanzia hapo hadi Septemba, huku pwani kukiwa kukavu. Zamani mfuko wa safari ulikuwa wa mume peke yake. Siku hizi gawio la kikoba cha mke mara nyingi ndilo linalolipa malazi, na mwenye kulipa naye huchagua pa kwenda. Si ajabu basi kwamba safari ya kusalimia imegeuka kuwa mapumziko kweli, chakula kikipikwa na wengine.

Wasio na nafasi ya wiki nzima huelekea upande wa pili. Lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66, imeleta Ziwa Nyasa karibu: wawili huondoka Ijumaa mchana, wakapita vilima vya Wamatengo na mashimo yao ya kilimo cha ngolo, wakala samaki aina ya mbasa jioni, na Jumapili wakarudi nyumbani.