Kibati, Mlangoni pa Nyiragongo: Hesabu ya Safari ya Miguu

Aendaye Goma kwa njia ya Rwanda, siku ya anga safi, huuona mlima Nyiragongo kabla ya kuuona mji wenyewe. Mchana kilele chake hutoa moshi kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Na usiku, mwaka ule tuliokwenda sisi, wingu lililotanda juu yake lilikuwa jekundu. Sisi tulikuwa walimu watatu wa Ngara, katika nchi ya Tanzania, na tuliazimia kuupanda mlima huo kwa miguu yetu. Tangu turudi, wengi wametuuliza habari za moto. Tutazieleza, lakini kwanza hatuna budi kueleza habari za fedha, maana fedha ndiyo iliyotupeleka, na fedha ndiyo nusura ituangushe njiani.

Tuliweka akiba miaka miwili. Kila mwisho wa mwezi kila mmoja wetu alitoa shilingi 45,000, na mwalimu mwenzetu wa hesabu, mama mmoja asiyependa mzaha katika mambo ya daftari, alizipokea na kuziandika. Mwezi ambao mmoja wetu alifiwa, tulimwambia angoje. Akakataa, akakopa kwa shemeji yake, akaleta. Miezi 24 ilipotimia tulikuwa na shilingi 3,240,000. Kwa kuwa dola moja wakati ule ilipata karibu shilingi 2,300, fedha yote ilikuwa yapata dola 1,408.

Msomaji atasema, hizo ni nyingi. Naam, ni nyingi mpaka uzigawe. Kibali cha kupanda mlima kilikuwa dola 300 kwa kila mgeni, na viza iliyotolewa kwa wageni wa Hifadhi ya Virunga ilikuwa dola 105. Kwa watu watatu hizo ni dola 1,215, nasi hatujapanda hata basi. Zikabaki dola 193. Katika hizo tukatenga 75 za mabasi, kwenda na kurudi. 40 za malazi ya Goma, kabla ya mlima na baada yake. 30 za chakula na pikipiki. Akiba ya dharura ikawa dola 48, nayo mshika fedha wetu akaifunga katika leso na kusema kwamba leso ile haitafunguliwa ila kwa ugonjwa.

Mpagazi hatukumwandika. Tulijiona wenye nguvu. Sisi, tulisema, ni watoto wa wakulima, tumebeba kuni na maji tangu utoto. Mbona tumlipe mtu atubebee mablanketi? Mstari ule wa daftari uliachwa mtupu, na kosa letu kubwa lilikuwa hapo.

Tulisafiri Juni 2019, shule zilipofungwa. Tulipita Rusumo, tukalala Kigali kwa ndugu wa mmoja wetu, na siku ya pili tukafika Gisenyi. Pale mpakani, mahali paitwapo Grande Barrière, kila mtu alinawa mikono kwa maji ya dawa na kupimwa joto la mwili, kwa sababu ugonjwa wa Ebola ulikuwa ukisumbua Kivu ya Kaskazini. Walitaka pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ya mmoja wetu ilikuwa chini kabisa ya mfuko, chini ya unga, na foleni nzima ilimngoja huku ikitoa maoni yake.

Goma ni mji uliojengwa juu ya mawe meusi. Kuta ni za mawe ya volkano, nyua ni za mawe ya volkano, na mahali pengine mtu hupanda ngazi kuingia barabarani, kwa kuwa barabara mpya iko juu ya ile ya zamani. Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka ubavuni, na mto wa moto ukashuka mpaka katikati ya mji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaliunguza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ukaingia katika ziwa Kivu. Watu walirudi kabla mawe hayajapoa.

Ndipo ilipotupata shida. Katika fedha yetu mlikuwa na noti moja ya dola 100 yenye mpasuko mdogo pembeni, usiozidi upana wa ukucha. Kwetu hakuna aliyeuona. Lakini Kongo dola hutumika sokoni pamoja na faranga, na watu wa huko huichungulia noti kama fundi wa saa: ikiwa imechanika, au imechakaa, au ni ya miaka ya zamani, haipokelewi. Tulipokwenda kulipia vibali ilirudishwa kwa adabu. Tukaiendea meza ya mbadili fedha kando ya barabara, penye vibunda vya faranga vilivyofungwa kwa mpira.

“Mama,” alisema akiielekeza noti kwenye jua, “hii ni mgonjwa.”

“Inapona kwa kiasi gani?” aliuliza mshika fedha wetu.

Ilipona kwa dola 80. Hatumlaumu yule kijana. Yeye naye angeipeleka mbali ili aiuze. Lakini leso ilifunguliwa kabla hatujaugusa mlima, na mlemle ndani zikabaki dola 28.

Asubuhi tukapanda pikipiki kwenda Kibati. Kijiji hicho kiko kaskazini ya Goma, katika barabara ya Rutshuru, mwendo wa kilometa zipatazo 15, na njia yote ni ya kupanda. Tulipishana na vijana wa chukudu. Chukudu ni gari la mbao la magurudumu mawili, halina injini wala kanyagio. Hubeba magunia ya makala, yaani mkaa, na kabichi na viazi vya Kibumba, hata uzito ambao punda angeukataa. Kuteremka kwenda Goma mwenyewe hupiga goti juu yake na kuliachia, kurudi hulisukuma. Mmoja aliyekuwa akilisukuma tupu alituambia kwamba mteremko humpa fedha na mlima humla nguvu.

Kibati yenyewe ni nyumba za mbao zilizopangana kando ya barabara, mashamba ya maharage na viazi katika udongo mweusi, na nyuma yake msitu. Mahali hapa pamepokea wengi waliokwenda kwa miguu bila kupenda. Mwishoni mwa 2008, vita ilipokaribia, makumi ya maelfu ya watu walipiga kambi Kibati, wakilala juu ya mawe chini ya maturubali. Mei 2018 hifadhi ilifungwa baada ya askari wake mmoja kuuawa na wageni wawili wa Uingereza kutekwa nyara katika sehemu hizo za kaskazini ya Goma. Ilifunguliwa tena Februari 2019, miezi minne kabla ya kufika sisi. Kwa hiyo wapagazi tuliowakuta kituoni walikuwa wametoka katika miezi tisa bila kazi ya mlima.

Walikuwa wamesimama katika mstari, wengine na viatu vya mpira, mmoja na viatu visivyolingana. Malipo yao yalikuwa yamewekwa: dola 24 kwa siku mbili, mzigo usiozidi kilo 15. Askari wa hifadhi aliyekuwa mkuu wa msafara akatuuliza tuna maji kiasi gani. Tukasema lita moja na nusu kila mtu. Akatikisa kichwa. Juu hakuna kisima wala kijito; maji yote ya kunywa na kupika, na mkaa wa kupikia, hutoka chini mgongoni mwa mtu.

Tukatengana kando kufanya shauri. Dola 24 kutoka katika 28! Mmoja wetu alisema tubebe wenyewe na tunywe kidogo. Mshika fedha alikaa kimya kwa muda, kisha akasema: “Mkiugua huko juu kwa kiu, leso hii itanunua nini?” Akafungua daftari, akajaza ule mstari mtupu. Tukamchukua mtu mmoja kwa sisi watatu: baba wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alifunga mtungi wa maji, mkaa, sufuria na mablanketi yetu kwa kamba, akaipitisha kamba ile kifuani, akatangulia.

Kituo cha Kibati kiko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na ukingo wa Nyiragongo uko mita 3,470. Kwanza tulikwenda msituni, njia laini yenye kivuli, tukacheka na kusimuliana. Saa ya pili kicheko kiliisha. Njia ikaingia katika mawe ya moto wa 2002, mawe mepesi yenye matundu, yanayoviringika chini ya unyayo hata ukipiga hatua mbili unarudi moja. Mpagazi alituonyesha ufa mlimoutokea moto huo. Mvuke ulikuwa ukipanda bado. Zaidi ya hapo miti hufupika, na huanza lobelia zilizosimama kama mishumaa mikubwa. Kipande cha mwisho ni kikali sana, nasi tulikipanda kwa mikono na miguu. Yule aliyetaka tubebe wenyewe ndiye aliyeketi mara nyingi kupita wote, na ndiye aliyekunywa maji mengi kupita wote. Hatukumwambia neno, alijua.

Tulifika baada ya saa tano na nusu. Ukingoni palikuwa na vibanda vidogo vya wageni, na baridi ambayo watu wa Ngara hatuijui. Tukavaa kila tulichokuwa nacho, tukatambaa mpaka ukingoni, tukatazama chini.

Shimo lina upana wa zaidi ya kilometa moja, nalo hushuka kwa ngazi kubwa za mwamba. Chini kabisa palikuwa na ziwa la moto. Halikuwaka kama kuni ziwakavyo. Lilikuwa na ngozi nyeusi iliyopasukapasuka, na katika kila mpasuko mlipita mstari wa dhahabu, na mistari ile ilikuwa ikienda, ikikutana, ikimezana. Sauti yake ilikuwa kama mawimbi ya bahari usiku. Tulikaa pale mpaka tukashindwa kuvihisi vidole. Mpagazi wetu alikuwa ameuona moto huo mara nyingi asizoweza kuzihesabu, lakini naye alikuja, akajifunika blanketi, akatazama. Alituambia kwamba baba yake aliona mwaka 1977, tarehe 10 Januari, ziwa lilipotoboka na kumwagika lote katika muda usiofika saa moja, likishuka kwa kasi ambayo mtu hawezi kuikimbia.

Tulimwuliza dola 24 huenda wapi. Alihesabu kwa vidole, pole pole, kama mshika fedha wetu: ada ya watoto wawili shuleni, sabuni na chumvi, mbegu za viazi, na kitu kidogo anachomwekea mkewe ambacho yeye mwenyewe haruhusiwi kukigusa. “Hata kwetu iko leso,” alisema.

Asubuhi tulishuka kwa saa nne, magoti yakilalamika. Pale Kibati ndipo tulipogundua kosa la pili la hesabu. Desturi ni kumpa mpagazi zawadi juu ya malipo, nasi hatukuiandika popote. Katika leso mlikuwa na dola 4. Tukampa hizo, na mablanketi mawili, na viatu vya mmoja wetu vilivyokuwa vikimbana. Akaandika namba yake ya simu katika daftari letu. Kigali tulikula mahindi ya kuchoma.

Bei tulizozitaja ni za mwaka 2019, zisichukuliwe kuwa za leo. Machi 2020 hifadhi ilifunga milango kwa wageni kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, na baadaye vita vya M23 vikafika katika barabara ile ile ya Rutshuru, hata Januari 2025 waasi hao wakaingia Goma. Atakaye kwenda na aulize kwanza habari za amani, kisha habari za bei.

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 redio ilitangaza kwamba Nyiragongo umepasuka tena. Mto wa moto ulifunika nyumba nyingi za wilaya ya Nyiragongo, ukasimama pembezoni mwa Goma. Siku tano baadaye serikali ikaamuru sehemu kubwa ya mji ihame, kwa kuhofia mlipuko mwingine, na watu kwa maelfu wakaishika njia ya Sake kwa miguu.

Mshika fedha wetu alilitafuta daftari, akapiga ile namba. Haikuita. Akapiga kila jioni. Siku ya nne ikaita, na sauti ya chini ikajibu kutoka Sake. Wote walikuwa hai. Tukamwuliza alitoka na nini nyumbani. Akasema: sufuria, blanketi mbili, leso ya mkewe, mtoto wa mwisho mgongoni, na mtungi wa maji wa lita tano.