Goti la mdogo wangu na kiwanja cha baba

Kiwanja cha marehemu baba yetu kule Ndosho kimepata mnunuzi, na pesa zake zinatakiwa ziende India kwenye goti la mdogo wangu. Familia imegawanyika. Kwa kuwa mimi ndiye mwandishi wa habari nyumbani, wakubwa waliniambia nitafute ukweli juu ya huo upasuaji wa kupandikiza menisiki. Nimefanya kama ninavyofanya kwa redio: kuuliza madaktari, kusoma, kuuliza tena. Naandika hapa sababu vijana wengi wa Goma wanaocheza mpira juu ya changarawe nyeusi za volkano wana shida ileile.

Ndani ya kila goti kuna menisiki mbili, vipande vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga, kati ya mfupa wa paja na mfupa wa mguu wa chini. Mwenye chukudu atanielewa haraka: ni kama kile kipande cha kandambili kinachopigiliwa misumari kwenye ubao ili goti lisiumie. Lakini kazi yake si kulainisha tu. Mfupa wa paja ni wa mviringo kwa chini, na ule unaoupokea ni karibu bapa. Bila kitu cha kujaza pembeni, uzito wote unaangukia sehemu ndogo. Menisiki ikitolewa yote, mgandamizo juu ya sehemu hiyo unaweza kupanda mara mbili hadi tatu, na gegedu ya mfupa inaanza kulika. Daktari Mwingereza Fairbank alieleza mabadiliko hayo kwenye picha za eksrei tangu 1948, lakini miaka mingi bado menisiki zilitolewa nzima kama meno mabovu.

Ya mdogo wangu, ya upande wa ndani, ilitolewa nzima akiwa na miaka 19. Leo ana 27. Akipanda ngazi goti linauma, na akigeuka ghafla linamponyoka. Nyumbani wanayataja hayo kama ugonjwa mmoja, lakini ni mawili. Maumivu yanatokana na uzito. Kuponyoka kunatokana na kano ya mbele, ile kamba inayopita katikati ya goti na kuzuia mfupa wa mguu wa chini usiteleze kwenda mbele. Kano ikiwa nzima, kukosa menisiki ya ndani hakulegezi goti sana. Ikikatika, ukingo wa nyuma wa menisiki hiyo ndio unabaki kama jiwe linalowekwa kwenye gurudumu la lori mlimani. Ondoa na jiwe, lori linatembea.

Daktari alimlaza, akakunja goti kidogo, akavuta mguu kwa mikono. Niliona mwenyewe mfupa ukisogea mbele kuliko wa goti lingine. Hakuhitaji mashine.

Upandikizaji si jambo la jana. Milachowski na wenzake huko Ujerumani waliufanya mara ya kwanza 1984. Menisiki inatoka kwa mtu aliyefariki, inahifadhiwa kwenye baridi kali, inachaguliwa kwa kipimo cha goti la anayeipokea. (Mama mkubwa aliposikia neno aliyefariki alifanya ishara ya msalaba, tukaacha mazungumzo hadi kesho yake.) Ncha zake mbili lazima zishikwe imara kwenye mfupa, la sivyo inasukumwa nje pembeni na haibebi kitu. Ikikaa vizuri, mifupa inagusana kwa eneo kubwa zaidi na mgandamizo unashuka, ingawa haurudi kabisa kama goti aliloumba Mungu. Mguu ukiwa umepinda, sharti unyooshwe. Na kano iliyokatika itengenezwe pamoja nayo, maana kano mpya bila menisiki inavutwa kupita kiasi, na menisiki mpya ndani ya goti linaloteleza inasagwa mapema.

Basi nikaomba kuona hesabu iliyoletwa na mtu wa kati anayewapeleka wagonjwa India. Ilikuwa ya menisiki peke yake. Kano haimo. Nilipomuuliza kwa simu alisema mambo hayo yataonekana wakishafika kule. Wakishafika kule, kiwanja kimeshauzwa!

Tena kuna mambo ya baadaye: wiki kadhaa za magongo, miezi bila kuchuchumaa, mazoezi ya goti kila siku. Mdogo wangu anaendesha pikipiki ya abiria na ana watoto wawili. Hakuna aliyeweka hilo kwenye hesabu.

Mnunuzi ametupa hadi mwisho wa mwezi. Baba mdogo anasema tuuze nusu ya kiwanja, kano itengenezwe kwanza. Mwenye goti anataka vyote mara moja. Wiki ijayo anavuka kwenda Kigali kupigwa picha ya IRM ili ijulikane gegedu iliyobaki ni kiasi gani. Ikiwa imeshalika hadi mfupa, madaktari niliozungumza nao wanasema menisiki haitapandikizwa hata pesa zikiwepo.