Tulimnyoa Shangazi

Mimi ndiye niliyesema kuhusu vitumbua.

Ilikuwa mwaka 2013, pale Ifakara. Nilikuwa na miaka 13, kaka yangu yuko kidato cha nne. Alianza kwa kukosa usingizi, kisha akapigilia dirisha misumari, akisema redio ya jirani inasoma mawazo yake. Siku ya tatu mama aliniuliza kaka alikula nini kabla ya hali hiyo kuanza. Nikajibu kwamba alikula vitumbua alivyoleta shangazi. Ulikuwa ukweli mtupu, wala sikuwa na nia mbaya. Lakini wakubwa walitazamana, na jioni hiyohiyo jina la shangazi likaanza kutajwa kwa sauti ya chini.

Kwa wasiotoka kwetu: katika bonde la Kilombero na Ulanga, mtu akishukiwa kwa uchawi hupelekwa kwa mganga akanyolewe, ili nguvu hiyo imtoke. Mwanaanthropolojia Maia Green aliandika kuhusu kunyolewa huko Ulanga mwaka 1994. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hanyolewi mshukiwa peke yake. Anayemtuhumu naye hunyolewa.

Baba alikodi gari. Daraja la Mto Kilombero lilikuwa halijafunguliwa (lilifunguliwa mwaka 2018), kwa hiyo tulivuka kwa pantoni. Shangazi, dada yake baba wa tumbo moja, alikaa kimya njia nzima akiwa amepakata mkoba wake. Alinyolewa yeye, baba, mama na mimi. Tuliporudi, nywele zetu ziliota, watu wakasahau. Za kwake ziliota pia, ila watu hawakusahau. Sokoni wanawake walikuwa wakimpisha njia. Kabla ya mwaka kwisha alihamia shambani, akalala kwenye dungu la kulindia mpunga, na hata baada ya mavuno hakurudi mjini. Tulikuwa tunamwona misibani tu, kichwa amekifunga kilemba.

Kaka hakupona. Mwaka uliofuata tulimpeleka hospitali, wakasema ni skizofrenia. Kuanzia hapo kila mwezi ilikuwa foleni, jina kuitwa, sindano, vidonge, kwaheri. Vidonge vikamkakamaza shingo na mikono, mama akaogopa akaviacha, kaka akazidiwa, tukaanza upya. Hiyo ilijirudia mara nne. Katika miaka hiyo yote hakuna aliyetuketisha chini kutueleza ugonjwa wenyewe ni nini.

Nilipoanza shahada ya uzamili Dar es Salaam, nilikutana na maandishi kuhusu mradi ulioitwa KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima, uliofanyiwa majaribio Muhimbili na Mbeya. Mgonjwa alihudhuria pamoja na ndugu yake, wakikaa na familia nyingine. Walijifunza kuhusu ugonjwa, dawa na dalili za kurudiwa, kisha wakajadili matatizo ya nyumbani na kutafuta njia. Nilisoma nikikumbuka ile safari ya pantoni. Mganga alikuwa amejua jambo moja ambalo dirisha la dawa halikulijua: mtu mmoja akiugua, ukoo wote unahitaji kuitwa. Tofauti ni kwamba katika darasa hili hatafutwi mkosaji.

Nilitaka kuwacheka watu wa kwetu, lakini vitabu vilinizuia. Mwaka 1948, huko Marekani, daktari maarufu wa akili, Frieda Fromm-Reichmann, aliandika kuhusu mama anayesababisha skizofrenia kwa namna anavyomlea mwanawe. Kwa miaka mingi baadaye akina mama walibebeshwa lawama hiyo na wasomi wenye shahada. Hao nao walikuwa na wembe wao.

Mwaka jana nesi mmoja alianza kuwakusanya ndugu wa wagonjwa chini ya mwembe siku ya kliniki. Nilikuwa likizo, nikaenda na mama na kaka. Nesi alieleza dawa ni za muda mrefu, akaeleza kwa nini mwili unakakamaa na kwamba jambo hilo lina tiba, tusiache dawa kimyakimya. Akamgeukia kaka, akamuuliza nini kilimuumiza zaidi. Kaka akasema, "Kila mtu aliuliza nani kanifanya hivi. Hakuna aliyeniuliza kama nimelala."

Kisha nesi akasema ugonjwa huu haukuletwa na mtu yeyote. Mama akanyoosha mkono.

"Sasa nesi, kama hakuna mtu, yule tuliyemnyoa je?"

Nesi hakuwa na jibu. Halikuwa kwenye somo.

Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo tulikwenda mimi na mama, na kilo mbili za sukari. Shangazi alitukaribisha vizuri, akatupa viti. Mama alipomaliza kuomba radhi, shangazi aliitazama ile sukari.

"Wifi," alisema, "kunipeleka mlikodi gari, mtaa mzima ukaona. Kuniomba radhi mmekuja wawili, tena mchana watu wako mashambani. Kaseme kulekule mliponisemea."

Jumamosi iliyofuata, kwenye jumuiya, baada ya sala, mama alisimama akasema. Alisema wifi yake hana kosa, kwamba mtoto ana ugonjwa kama ugonjwa mwingine, na kwamba familia ilimwonea. Watu waliinamisha vichwa. Wengine walikuwa miongoni mwa wale waliokuwa wakimpisha njia sokoni.

Mimi sikusimama. Nilijiambia nilikuwa mtoto wakati ule.

Kabla ya kuyatuma maandishi haya nilivuka daraja peke yangu, nikamwambia kuhusu vitumbua. Alikuwa anapepeta mchele, hakuacha.

"Najua," alisema. "Mama yako aliniambia siku ileile. Nilikuwa nangoja uje useme mwenyewe."

Akanipimia mchele kwenye mfuko. Usiku ule mama aliupika, kaka akala sahani mbili, akalala.